Mikono ya Mke Mwenza

Siku Mwanahija alipotolewa hospitali, alipelekwa kwenye nyumba aliyokuwa ameapa kwamba hatatia mguu ndani yake. Wanaume wanne walishika pembe za godoro wakamwingiza kichwa mbele, na walipokaribia mlango alifumba macho ili asimwone mwenye nyumba amesimama wapi.

Nyumba ilikuwa ya Kaltuma, mke wa pili wa mumewe. Ilikuwa mtaa wa Majengo, Kismayo: vyumba viwili, ua, na paa la mabati. Mwanahija alikuwa na nyumba yake mwenyewe kisiwani Kudha, nyumba ya mawe aliyoachiwa na mamake, lakini Kudha hakuna daktari, na mgonjwa wa namna yake haachwi mbali na daktari. Mumewe, Shihab, fundi wa mashua, alikata shauri bila kumwuliza. Na angemwulizaje? Sauti ilikuwa haijarudi. Shingoni palikuwa na bandeji mahali walipomtoboa kupitisha mpira wa kupumulia, na kila alipojaribu kusema neno, hewa ilitokea pale badala ya kinywani.

Alikuwa na umri wa miaka arubaini na sita. Watu wa Kudha walizoea kusema Mwanahija hata chakula anakula amesimama. Maji yakitoka, yeye ndiye wa kwanza mwambani na chuma chake cha kuchokolea pweza. Mashimo ya pweza aliyajua moja moja, kama mtu anavyojua milango ya majirani. Nyumba akiipaka chokaa mwenyewe, maji akiyateka mwenyewe, na akigombana na mtu hakai kusikiliza jawabu: hujifunga leso, hushika njia ya mwambani, na hasira yake huiacha hukohuko. Binti yake wa pekee, Ibtisam, alikuwa ameolewa Mombasa, na kila akipiga simu alimkuta mamake njiani, anahema, anakwenda mahali.

Mwezi wa Shaabani gamba la chaza lilimchoma kiganja cha mkono wa kulia. Jeraha dogo. Alilisafisha kwa maji ya chumvi, akalitia manjano, akalifunga kitambaa. Siku ya nane alishindwa kufungua kinywa vizuri kula wali. Alidhani ni jino. Siku ya tisa shingo ikakaza, na usiku wake taya zikafunga kabisa, mdomo ukavutwa pembeni kama anayecheka. Shihab, aliyekuwa Kudha wiki ile, akamlaza kwenye mashua ya mashine wakaelekea Kismayo. Kila wimbi lilipopiga ubavu wa mashua, mgongo wake ulipinda juu kama upinde, visigino na kisogo tu vikigusa mbao. Kelele yoyote ilimpinda. Hata mumewe akisoma dua kwa sauti ilimpinda, ikabidi aisome moyoni.

Ilikuwa pepopunda. Madaktari wakamlaza kwenye wodi ya wagonjwa mahututi, chumba chenye giza, wakampa dawa za kumlaza misuli yote, na kwa kuwa misuli ya kifua nayo ililala, mashine ikawa inapumua badala yake. Siku thelathini na moja.

Watu walidhani alikuwa amelala siku hizo zote. Hakulala. Alikuwa chini kwenye ngama, tumboni mwa meli kubwa ya chuma, amefungwa mikono, na watu wasio na nyuso wanapita na taa. Pampu ilikuwa inapiga bila kusita, puu, puu, na alijua kwamba pampu ikinyamaza meli itazama naye. Mara nyingine walimjia mamake na watu wa Kudha waliokwisha kufa, wakamtazama kupitia tundu la juu, hakuna aliyeteremsha kamba. Alipozinduka, akaona dari nyeupe na muuguzi wa kiume anambadilisha shuka, hakuamini kwamba ametoka melini. Aliamini wamembadilisha chumba tu.

Daktari akasema, “Mama, umepona.” Watu wakasema alhamdulillahi. Mwanahija akauamrisha mguu wa kulia usogee. Mguu ukanyamaza. Akauamrisha mkono uende usoni akune pua, mkono ukatetemeka juu ya shuka kama samaki aliyekaribia kufa, ukatulia. Nyama ya mapaja ilikuwa imekwisha, magoti yametokeza kuliko miguu yenyewe. Akalala pale akijiuliza, kama huku ndiko kupona, ugonjwa ni kitu gani?

*

Chumba alichopewa ndicho kilichokuwa chumba cha Kaltuma. Kaltuma alihamia kile kidogo, chenye magunia ya unga. Dirisha la Mwanahija lilitazama ukuta wa jirani uliopigwa lipu nusu, na hilo ndilo lililokuwa ulimwengu wake: nusu lipu, nusu matofali. Jua likigeuka, ukuta uligeuka rangi, basi. Wageni walikuja, wakaketi, wakazungumza juu ya kichwa chake. Waliulizana bei ya sukari. Waliulizana kama anasikia.

Kaltuma alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na nne, mnene wa wastani, mwenye mikono mipana ya mpika mikate ya mofa. Asubuhi alimwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza ubavu ili asitoke vidonda vya kulalia, akamsafisha kama anavyosafishwa mtoto mchanga. Yote hayo bila neno. Mwanahija hufumba macho mpaka amalize. Wanawake wawili chumba kimoja, mikono ya mmoja kwenye mwili wa mwingine, na hakuna salamu.

Miaka sita walikuwa hawajasemezana. Mwanahija alipata habari za ndoa ile kwa mchuuzi wa samaki, aliyempa hongera ya mke mwenza akidhani anajua. Hakupiga kelele. Alimwambia Shihab kitu kimoja: “Huyo asije Kudha, nami siendi kwake.” Sasa yuko kwake, na hawezi hata kumgeuzia mgongo bila kugeuzwa naye.

Siku ya nne alikuja kijana mmoja mrefu, amevaa makubadhi, jina lake Adnani. Watu wa Majengo humwita daktari wa viungo, ingawa yeye mwenyewe hujiita mtu wa mazoezi. Wazazi wake walikimbia vita mwaka tisini na moja. Yeye amezaliwa na kukua kambini Kenya, na kambini ndiko alikofundishwa kazi ya kuwanyoosha waliopooza na kuwasimamisha waliokatwa miguu. Alirudi Kismayo kwa pikipiki ya mkopo na mkoba mmoja, na hospitali ilimtuma kwa wagonjwa waliorudishwa majumbani.

Alisalimu akiwa mlangoni, akaeleza kazi yake, kisha akaja kitandani akanyoosha mkono ili aushike mguu.

Mwanahija akafumbua macho. Taratibu aliuburura mkono wa kushoto, uliokuwa na nguvu kidogo, mpaka kidole kikakaa juu ya bandeji ya shingo, kama wauguzi walivyomfundisha, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile akasema. Sauti ilitoka kama karatasi inayochanwa.

“Usinishike.”

Shihab, aliyekuwa amesimama nyuma, akasema, “Mwanahija, huyu ni mganga. Dharura inaruhusiwa.”

“Wamenishika wanaume mwezi mzima, sikuulizwa. Sasa naulizwa. Sitaki.”

Adnani aliurudisha mkono wake akauweka nyuma ya mgongo, kama mtu aliyekatazwa na mwalimu. “Haki yako, mama,” akasema. “Basi nitamfundisha mwanamke wa nyumba. Mimi nitakaa nje ya pazia, nitamwelekeza, yeye atakushika. Nani yupo?”

Alikuwepo mmoja tu, naye alikuwa uani akikanda unga.

“Huyo pia sitaki,” akasema Mwanahija.

Adnani akachuchumaa ili uso wake uwe sawa na uso wa mgonjwa. “Nitakwambia kweli, kwa sababu naona hupendi kubembelezwa. Mshipa wa kisigino chako unakaza. Leo unanyooka. Ukikaa hivi mwezi mmoja, wayo utaelekea chini kama wa mtu anayechungulia ukutani, na hata nguvu zikirudi hutaweza kuuweka chini. Mimi nitapita kila Jumatatu na Alhamisi. Nitasalimu nje. Ukitaka, utaniita.”

Alipita Alhamisi, akasalimu, hakuitwa. Akapita Jumatatu. Mwanahija alisikia pikipiki ikizimwa, akasikia salamu, akasikia pikipiki ikiwashwa. Kukataa ndiko kulikokuwa kazi pekee aliyoweza kuifanya kwa nguvu zake mwenyewe, na alikuwa hayuko tayari kuiacha.

Kilichomshinda ni mbuzi.

Siku hiyo Kaltuma alikwenda kuteka maji, Shihab alikuwa kazini ufukweni. Mlango wa ua haukufungwa sawasawa. Mbuzi wa jirani, jike mweupe mwenye sikio lililokatwa, akaingia chumbani, akasimama, akatazama. Akala mkate uliokuwa kwenye kigoda. Akala kitambaa kilichofunikia mkate. Halafu akashika ncha ya shuka la Mwanahija akaanza kutafuna, na alivyotafuna alivuta, na shuka likashuka kifuani, likashuka tumboni, likashuka mapajani. Mwanahija hakuwa amevaa kitu chini yake, maana ndiyo kwanza ameoshwa. Alitaka kupiga kelele, ikatoka pumzi. Alitaka kupiga teke. Mlango ulikuwa wazi, ua ulikuwa wazi, na sauti za watu wanaopita njiani zilisikika wazi. Mbuzi alitafuna akimtazama usoni, bila chuki wala haraka.

Kaltuma aliporudi aliangusha dumu la maji. Alimfukuza mbuzi kwa mwiko, akafunga mlango, akachukua leso yake mwenyewe begani akamfunika Mwanahija kuanzia shingo mpaka miguu. Machozi yalikuwa yamemjaa Mwanahija masikioni, kwa kuwa mtu aliyelala chali hulia kuelekea masikioni, na mkono wake haukuweza kufika huko kuyafuta. Kaltuma akayafuta kwa upindo wa leso. Hakucheka, wala hakusema pole.

Wageni walikuja jioni ile, na kesho yake, na juma lote. Mwanahija alingoja kusikia hadithi ya mbuzi. Alijua wanawake, alijua hadithi kama hiyo haikai kinywani. Haikutajwa. Alhamisi, pikipiki ilipozimwa nje, aliweka kidole shingoni akamwita Kaltuma kwa jina lake, jina ambalo miaka sita alikuwa hajalitamka.

“Kaltuma. Mwambie aingie mpaka kwenye pazia. Wewe ndiye utakayenishika.”

*

Ndivyo walivyoanza. Adnani huketi kwenye kiti cha plastiki ukumbini, anaonyesha kwenye mguu wake mwenyewe, Kaltuma anatazama kisha anaingia ndani ya pazia. “Mkono mmoja chini ya kisigino, mwingine juu ya goti. Sukuma wayo taratibu mpaka ahisi unavuta. Ukivuta ni sawa. Ukikata, legeza. Shikilia mpaka uhesabu sitini.” Siku ya kwanza kazi yote ilikuwa hiyo, na kujaribu kuinua kichwa kutoka kwenye mto mara tano. Aliinua mara mbili. Alilala mpaka Alasiri kama mtu aliyelima.

Mwezi wa kwanza alijifunza kukaa. Neno dogo, kukaa. Kaltuma alikuwa akimwinua kwa kumkumbatia kwa nyuma, kifua chake kwenye mgongo wa mwenziwe, na Mwanahija akaanguka kushoto, akaanguka kulia, kichwa kikizunguka, na kila mara akajikuta mikononi mwa mtu ambaye hakutaka hata kukutana naye njiani. Adnani alileta chupa mbili ndogo za kutiwa mchanga azinyanyue. Alisema siku ya kwanza chupa ziwe tupu. Hata tupu zilikuwa nzito.

Kitu kimoja alichoambiwa na Adnani kilimfaa kuliko chupa. Mwanahija alikuwa hapendi kulala chali, na usiku alikuwa akishtuka akitafuta kamba mikononi. Siku moja akasimulia, nyuma ya pazia, habari ya ile meli. Alisimulia kwa aibu, akidhani ataambiwa ana shetani. Adnani akasogeza kiti karibu na pazia.

“Mikono walikufunga kweli, mama,” akasema. “Kwa bandeji, kwenye vyuma vya kitanda, ili usiung’oe mpira wa kupumulia ukiwa hujitambui. Na pampu uliyoisikia ni mashine. Karibu wote wanaotoka wodi ile huniambia mambo kama hayo. Mmoja aliniambia alikuwa kaburini, anasikia watu wanajenga nyumba juu yake. Hukuwa na wazimu.”

Mwanahija alivitazama vifundo vya mikono yake, mahali ngozi ilipobaki na alama nyeusi kama za bangili. Alikuwa akidhani ni za ugonjwa.

Ilikuwa katika zoezi la kisigino, mwezi wa tatu, sauti yake ikiwa imeanza kuwa sauti, ndipo alipomwuliza Kaltuma.

“Ulijua kama nipo?”

Kaltuma hakujifanya haelewi. “Nilijua. Majengo nzima inajua Shihab ana mke Kudha. Aliniambia umeridhia. Nikamwambia sitaki maneno, nataka niisikie kwako. Akaniletea doti ya leso, akasema wewe ndiye uliyenitumia, kama alama ya kunipokea.”

“Leso gani?”

“Ya zambarau, yenye maua meupe. Ninayo sandukuni, sijaivaa. Niliiona nzuri mno.”

Mwanahija aliijua leso hiyo. Leso ya zambarau yenye maua meupe Ibtisam alimtumia kutoka Mombasa, mwaka ule wa kwanza wa ndoa yake. Shihab ndiye aliyeipokea kwa msafiri aliyepitia Ras Kamboni, na alipofika Kudha alisema imedondoka majini. Mwanahija alimpa pole kwa kulowana.

Akasimulia. Kaltuma alisikiliza huku amekishikilia kisigino. Nje ya pazia Adnani, aliyekuwa akihesabu, akasema sitini kabla hajafika sitini.

Jioni Shihab aliporudi, aliwakuta wote wawili wanamngoja, mmoja kitandani, mmoja kwenye kigoda, na doti ya leso imekunjuliwa katikati. Aliitazama leso. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

“Maneno ya miaka sita hayo,” akasema. “Mgonjwa hapaswi kusumbuliwa na maneno ya zamani.”

“Mgonjwa ndiye anayeuliza,” akasema Mwanahija.

Adhana ikasomwa, naye akashukuru adhana, akachukua kofia yake akatoka. Hakurudi mpaka wamelala.

Zamani Mwanahija angejifunga leso akashika njia ya mwambani. Sasa hasira ilikuja na haikuwa na pa kwenda. Ilizunguka ndani ya mwili usiosogea, ikamjaa kooni mpaka kwenye kovu, na ukuta wa nusu lipu ulikuwa palepale. Hakuweza kumwacha mume, kwa sababu hakuweza kufika mlangoni. Alikaa na jambo hilo wiki nzima, akilishwa na kugeuzwa.

Shihab hakuomba radhi. Lakini Ijumaa alikuja na boriti nne za mikoko na randa yake, akachimba uani, akatengeneza reli mbili za kushikilia, kimo cha kiuno, urefu wa hatua sita, akazilainisha kama anavyolainisha ubao wa mashua mpaka hazina kibanzi kinachoweza kuchoma kiganja. Alimwuliza Adnani vipimo mara tatu. Kama huko ndiko kulikokuwa kuomba radhi, hakusema, na Mwanahija hakumshukuru.

*

Mara ya kwanza kusimama baina ya reli zile alisimama kwa muda wa kusema bismillahi. Mwezi wa tano alikwenda hatua sita na kurudi, Kaltuma nyuma yake ameshika mkanda wa kitambaa aliomfunga kiunoni. Mguu wa kulia ulikuwa ukiburuzika. Halafu siku moja akajiona shujaa, akaachia reli kabla ya kuambiwa, akaanguka kifudifudi kwenye ua wa saruji. Hakuvunjika. Alichubuka kidevu na kupoteza jino. Lakini hofu iliingia, na hofu haikutoka. Juma la kwanza alisema mguu unauma. Juma la pili alisema kichwa. Alirudi kitandani, akaanza tena kufumba macho.

Kaltuma alivumilia siku kumi na tatu. Siku ya kumi na nne aliingia na beseni la maji, akaliweka chini kwa kishindo, yakamwagika.

“Sikuzaliwa kukugeuza mimi,” akasema. “Unasikia? Nilikuwa na meza yangu sokoni. Watu walikuwa wanapanga foleni kwa mofa yangu. Miezi sita sijatoka hapa ila kisimani. Mamangu mgonjwa yuko ng’ambo ya mji, sijalala kwake hata siku moja. Unafikiri ni wewe tu uliyefungwa humu?”

Mwanahija akafumbua macho.

“Mimi nakungoja usimame ili na mimi nitoke,” akasema Kaltuma. Na hapo akakaa sakafuni penye maji, akalia kwa sauti, akijipiga mapaja kwa mikono ile mipana.

Mwanahija alimtazama kwa muda mrefu. Haikuwa imempitia akilini hata mara moja kwamba mwenye nyumba naye hana mlango. Aliuteremsha mguu wa kushoto kitandani, kisha akauchukua wa kulia kwa mikono yake miwili akauteremsha kama mzigo. “Nipe mkanda,” akasema.

Walikubaliana kuanzia siku ile. Mwanahija atakanda unga akiwa amekaa, kwani Adnani alikuwa kila siku akisema vidole vinahitaji kazi, na Kaltuma atakwenda sokoni asubuhi mpaka Adhuhuri. Saa hizo Mwanahija atabaki peke yake, na choo atakwenda kwa fremu ya kutembelea, mwenyewe, hata ikichukua nusu saa. Mara ya kwanza ilichukua zaidi ya nusu saa, na hakufika kwa wakati. Alijifulia. Hakumwambia Kaltuma, na Kaltuma aliona kamba ya nguo akanyamaza.

Mwezi wa tisa alikuwa anatembea kwa mkongojo mmoja. Ndipo alipotaka kwenda kwao.

Shihab alimpeleka. Mashua haifiki mchangani, abiria huteremka kwenye maji ya magoti akatembea, lakini kwa mtu wa mkongojo maji ya magoti ni bahari. Wanaume wawili wakambeba kwenye kiti. Jirani yake, Mwanamwema, ajuza mwenye macho mabovu, alimpapasa uso akapaza sauti kwa lahaja ya kisiwani, ambayo mtu huitwa mchu, “Mchu wetu karudi! Mchu wetu!” Wakaja wote. Siku ile alifurahi.

Siku ya pili aliijua Kudha upya. Mkongojo ulizama kwenye mchanga kila hatua mpaka akahisi kama anatembea ndani ya unga. Kizingiti cha nyumba yake, ambacho maisha yake yote hakujua kama kipo, kilikuwa na kimo cha ukuta. Ndoo ya kisimani haikupanda. Choo kilikuwa mwisho wa ua, na usiku alikwenda kwa kutambaa. Maji yalipotoka, aliketi dirishani akawaona wanawake wakienda mwambani, wameinama, wanakuwa wadogo, wadogo. Alibaki dirishani mpaka waliporudi, na walipopita na vikapu vyao wakamsalimu kwa upole, upole ambao hakuwahi kuutaka.

Na hapakuwa na wa kumnyoosha. Mwanamwema alijaribu, lakini mikono yake haikuwa na nguvu. Siku ya tatu asubuhi, Mwanahija alipoukanyaga mguu wa kulia, kisigino hakikushuka chini vizuri.

Shihab akasema, “Nyumba hii tumpe Husein akae, kuliko kuiacha tupu.” Husein ni nduguye.

“Nyumba ni yangu,” akasema Mwanahija. “Haingii mtu. Nipeleke Majengo, kesho.”

“Kwa hiyo unataka Majengo?”

“Sitaki Majengo. Nataka mguu wangu.”

Kaltuma aliwakuta nyumbani aliporudi sokoni, unga bado nyusini. Alimtazama Mwanahija, kisha akautazama mguu.

“Siku tatu hukunyooshwa?”

“Nani aninyooshe?”

Kaltuma akafyonya, akanawa mikono, akamwambia alale.

Mpaka leo Mwanahija yuko Majengo. Anatembea mpaka msikitini na kurudi, mguu wa kulia ukichora mstari vumbini. Adnani huja mara moja kwa mwezi, na kuna siku alimwomba aende naye kwa mgonjwa mwanamke aliyekataa kushikwa, naye akaenda, akazungumza na mgonjwa huyo faraghani, wawili tu, na lililosemwa halijulikani. Kwa Shihab anajibu anachoulizwa, hazidishi. Doti ya leso waligawana, kila mmoja kipande chake. Zipo siku anakanda unga huku anazungumza na Kaltuma mpaka mofa zinaungua. Zipo siku hasemi na mtu mpaka Adhuhuri, amekaa uani ameupa mgongo mlango. Kaltuma amezijua siku hizo, na zikifika humwekea chai pembeni na kwenda zake sokoni. Ibtisam akipiga simu huuliza, “Mama, uko wapi?”, kwa mazoea tu, na mamake humjibu, “Nipo, mwanangu. Nipo hapahapa.”